Mtaka spea ya uvunguni sharti ainame

Leo nina habari ya spea tairi. Aah, naona wengine mmeshaanza kukonyezana! Tulieni jamani. Simzungumzii yule "spea" uliyempangishia chumba Sinza huku nyumbani unajifanya umebanwa na kazi. Huyo kesi yake ina siku yake, na siku hiyo mimi nitakuwa nimesafiri.

Ninayoizungumzia ni spea yenyewe, tairi la tano, lile linaloning'inia chini ya pikapu kama popo mchana. Uliiona lini mara ya mwisho? Usinijibu mimi, jibu moyoni mwako.

Nauliza kwa sababu siku hizi mjini kila kijana aliyeanza kushika vijisenti anawaza pikapu. Mmoja anataka ya kusambazia maji, mwingine ya mayai, mwingine ya kubebea maspika ya harusi. Akishaipata anaanza na nini? Redio! Anafunga spika za kutikisa mtaa, anabandika vioo vyeusi, anaandika maneno ya kuwakomesha wabaya wake nyuma ya bodi. Fundi akimuuliza, "Bosi, spea umeiangalia?" anajibu kwa mbwembwe, "Ipo bwana, imekuja na gari." Imekuja na gari! Hata kutu imekuja na gari.

Zamani mambo yalikuwa wazi. Land Rover nyingi tulizozizoea zilibeba spea juu ya boneti, mwenye macho haambiwi tazama. Ikipungua upepo unaiona, ikiibwa unaiona, hata kuku akitaga juu yake unamwona. Teksi nayo ina buti, spea inalala humo na jeki yake. Lakini pikapu nyuma ni mahali pa mzigo, na tairi likikaa huko linakula nafasi ya gunia zima au mawili. Ndiyo maana watengenezaji wengi wakalipeleka chini, nyuma ya ekseli, likashikwa na cheni au waya wa chuma unaozungushwa na kiwinchi kidogo.

Wazo lenyewe ni zuri sana. Nafasi ya mzigo imepatikana na uzito umekaa chini. Tatizo ni kwamba tairi limewekwa mahali ambapo mwenye gari halioni, ila matope yanaliona, maji yanaliona, na mwizi naye analiona vizuri kuliko wote.

Sasa mwenye kutaka kujua utamu na uchungu wa mpango huo na apande basi hadi Mbeya, ashuke Uyole, ashike barabara inayokwenda Tukuyu hadi mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Ni lami, kushoto chai, kulia migomba, na Mlima Rungwe unachungulia mawinguni karibu mita 3,000. Mji wa Tukuyu uko kwenye mita 1,500 hivi. Ukiteremka hadi Kyela unabaki na kama 500 tu. Maana yake huko gari ama linapanda ama linashuka, na mvua ama inanyesha ama inajiandaa. Zipo sehemu za Rungwe zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam tunapata kama nusu yake tu, na tunajua Jangwani palivyotutesa.

Ila lami si kijiji. Ndizi unazokula Dar, zile zinazoshushwa Soko la Mabibo, nyingine zimeanzia Rungwe, na hazikuota kando ya lami. Zimeota ndani huko, na kitu kilichozitoa ndani kuzileta barabarani mara nyingi ni pikapu iliyozeeka, yenye mikungu hadi juu na watu juu ya mikungu.

Mimi nimeyaonja hayo Matwebe, kata mojawapo ya Rungwe. Ilikuwa masika, nilikwenda kwenye shughuli ya kifamilia, na wakati wa kurudi usafiri uliopatikana ulikuwa pikapu moja ya siku nyingi, mali ya mshua fulani anayeishi mjini, mikononi mwa dereva kijana mcheshi kweli kweli. Nyuma mikungu ya ndizi, juu ya mikungu abiria watano, mimi mmojawao. Mbele kwenye kebini alikaa mama mmoja na mtoto wake mwenye homa, anampeleka hospitali Tukuyu.

Tumekwenda kidogo, kwenye kipande cha mawe, pwaa! Tairi la nyuma kushoto kwisha habari yake. Dereva akashuka akicheka. "Msihofu wazee wangu, spea ipo. Dakika kumi tu tunaondoka."

Zile dakika kumi nilizihesabu mwenyewe.

Kwanza, mkono wa jeki haukuwepo. Kwa wasiojua, nyuma ya pikapu, karibu na bampa, kuna kitundu. Unapitisha humo mkono wa jeki, unaingia kwenye kiwinchi, unazungusha, tairi linashuka taratibu. Bila huo mkono spea unaitazama tu kama nyama dukani. Ule wa gari hili ulikuwa umeazimwa na mtu, na mtu alikuwa hajaurudisha. Tukaokota nondo kijijini tukaichongachonga.

Pili, nondo ikaingia lakini kiwinchi hakikuzunguka. Kutu ilikuwa imekikaba. Dereva akavuta, utingo akavuta, sisi abiria tukavuta, nondo ikapinda. Tatu, akaja mzee mmoja wa pale na msumeno wa chuma. Akainama na umri wake wote ule, akatazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, ukimfunga ng'ombe lazima ujue na namna ya kumfungua." Kijana akajibu, "Kweli baba," sauti ya ucheshi imeshakauka. Cheni ikakatwa.

Tairi likaanguka kwenye matope, lakini halitoki! Hii ndiyo ya nne, na wengi hawaijui. Gari likiwa na mzigo na tairi la nyuma limekwisha upepo, linakaa chini mno. Spea imelala uvunguni na nafasi ya kuichomoa hakuna. Jeki nayo ikiwekwa kwenye matope inazama. Ikabidi tushushe mikungu, mmoja mmoja, mvua inatunyeshea, halafu tutafute ubao wa kuweka chini ya jeki.

Tukalichomoa. Tukalitupa kando ili lipigwe teke la heshima. Likalia bufu. Ndiyo ya tano hiyo: halikuwa na upepo.

Wakati huo mama hakuwa na sisi tena. Alikuwa amepanda bodaboda na mtoto wake, wamefunikwa nailoni, kwenye utelezi ule ule ulioshinda gari la matairi manne. Walifika salama, na baadaye nikasikia mtoto alipata nafuu. Nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini tuliobaki pale, kila pikipiki iliposikika kwa mbali, tuliacha kuongea tukatega masikio.

Sisi tuliondoka jioni baada ya tairi kupelekwa kwa bodaboda nyingine kutafutiwa upepo na kurudishwa. Lori lililokuwa likisubiri ndizi za kwenda Dar lilikuwa limeshakula kona. Mikungu ikauzwa Tukuyu kwa bei ya huruma. Ugomvi ukahamia kwenye simu: bosi anasema dereva mzembe, hasara ikatwe kwenye mshahara, dereva anasema bosi akiombwa hela ya grisi huwa ana kikao. Na mimi niliyesikiliza pande zote mbili naona wote walikuwa wakisema kweli.

Sasa wasomaji wangu, tuache masikitiko tuingie kwenye somo. Watu wengi wakisikia "linda spea" wanafikiria mwizi tu. Mwizi yupo, nitamfikia. Lakini pale Matwebe hakuna mwizi aliyeigusa spea ile. Ililindwa barabara! Ililindwa hadi mwenyewe akashindwa kuipata. Kwa hiyo mimi kipimo changu ni hiki: spea iliyotunzwa ni ile ambayo mwizi hawezi kuichukua, lakini wewe unaweza kuitoa usiku, kwenye mvua, gari likiwa na mzigo. Kimoja kikikosekana huna spea. Una uzito tu unaotembea nao.

Na njia ya kujua ni moja, ile ile waliyotuachia wahenga kuhusu cha uvunguni. Uiname.

Chagua siku moja ya mwezi, tuseme Jumamosi ya kwanza, kabla hujaenda kula nyama choma. Weka gari mahali tambarare, vuta handibreki, weka kabari za mawe kwenye matairi. Toa mkono wa jeki. Kama haupo, basi somo la kwanza umeshalipata ukiwa nyumbani na si porini. Zungusha, shusha tairi hadi liguse chini kabisa na cheni ilegee. Usiweke kichwa wala mguu chini yake wakati linashuka, maana tairi la pikapu na ringi yake linaweza kufika kilo 25 hadi 30, na kilo 30 zikiangukia mguu hazikuulizi jina.

Mwisho wa cheni kuna kisahani cha chuma kinachoishika ringi kwa katikati. Kiinamishe, kipitishe kwenye tundu la ringi, vuta tairi nje. Kisha kagua cheni pingili kwa pingili. Kama ni waya, tazama nyuzi zilizokatika au kuvimba kutu. Pingili iliyolika haina mjadala, badilisha. Kamba ya katani na vipande vya tyubu ni vya kukufikisha kwa fundi tu, usiviachie kazi ya mwaka mzima.

Osha matope yote. Watu wa Rungwe wanajua udongo wao. Ukikauka juu ya kiwinchi unashika kama saruji, na chini yake unyevu unabaki unakula chuma taratibu. Kikikauka, tia oili kwenye kiwinchi na grisi kwenye cheni. Usiimwagie oili tairi yenyewe, mpira na mafuta hawapatani.

Halafu upepo. Tairi hata likikaa bila kutumika hupungua, kwa kawaida kama psi moja hivi kwa mwezi. Ukiliacha na 35 leo, baada ya mwaka ukilishusha unaweza kukuta 23, na hapo hujapata hata msumari. Ukibeba mzigo na 23 unatafuta tairi la pili lipasuke. Jaza kiasi kile kinachotakiwa kwa tairi la nyuma lenye mzigo, kiasi chenyewe mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni upande wa dereva. Upepo ukizidi kidogo unaupunguza porini kwa kijiti. Ukipungua porini utauongezea nini, mdomo?

Ukiwa umepiga magoti hapo, soma umri wa tairi. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Ukikuta 2319, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likitimiza miaka 10 liondolewe hata kama meno yake ni mapya. Hapa spea ndiyo inayotudanganya kuliko zote. Haijawahi kukanyaga lami, vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama, kumbe ni bibi kizee mwenye nyufa. Hakikisha pia ringi yake inaingia kwenye gari lako. Magari ya mtumba yana vituko, gari lina nati sita na spea ina matundu matano. Hiyo ni spea ya jirani.

Wazee wetu walikuwa na heshima ya tairi kwa sababu tairi lilikuwa adimu. Miaka ya 1980 kupata tairi jipya ilikuwa hadithi ya kusimulia. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ambacho serikali ilikuwa na asilimia 74, ndicho kilichokuwa kimbilio, nacho kikasimamisha uzalishaji mwaka 2007. Leo tairi lipo kila kona ya Kariakoo ukiwa na mshiko, na heshima ikapungua. Lakini porini hakuna Kariakoo. Porini bado ni 1985.

Tuje kwenye kurudisha, maana wengi wanaharibu hapa. Tandaza tairi chini ya gari kwa upande ule kitabu cha gari kinavyosema, pitisha kisahani, hakikisha kimekaa sawasawa katikati ya ringi na hakijalala upande. Zungusha hadi tairi lishike kwa nguvu juu, halafu lisukume kwa mikono miwili huku na huku. Likicheza hata kidogo, shusha uanze upya. Ukitembea kilomita kadhaa kwenye barabara mbovu, simama uliguse tena. Tairi linalocheza linagonga chuma, chuma kinasaga cheni, na siku moja cheni inasema basi.

Ikisema basi, msiba si wako peke yako. Nyuma yako kuna bodaboda na abiria wake, kuna basi dogo, kuna mtoto anarudi shule kando ya barabara. Tairi la kilo 30 likidondoka kwenye mwendo wa 80 haliishii hapo lilipoangukia. Linaruka, linabiringika, linachagua njia yake. Wewe na redio yako utafika safari bila hata kujua umeacha nini nyuma.

Msidhani ni mambo ya magari yetu ya mtumba peke yake. Novemba 2009 huko Marekani, kampuni ya Toyota iliyaita pikapu zake za Tundra za miaka ya 2000 hadi 2003, kama 110,000 hivi, kwa sababu kutu ilikuwa inakula fremu upande wa nyuma, na moja ya hofu ilikuwa spea kudondoka barabarani. Aprili 2010 ikayaita magari ya familia aina ya Sienna, karibu 600,000, ya kuanzia toleo la 1998, kwa sababu waya unaoshika spea uvunguni ungeweza kuoza na kukatika. Mchawi wao ni chumvi, ambayo wenzetu wa nchi za baridi wanaimwaga barabarani kuyeyusha barafu. Sasa wewe wa Kigamboni, wa Tanga na wa Unguja unayelaza gari karibu na bahari, chumvi unaletewa bure na upepo. Na wewe wa Rungwe, chumvi huna, ila una matope na maji mwaka mzima. Kwa Toyota waliita magari yarudi. Hapa kwetu nani atakuita? Jiite mwenyewe.

Haya, mwizi sasa. Mwizi wa spea hahitaji kuvunja kioo wala kuamsha mtu. Anaingia uvunguni kama fundi, na mkono wake wa jeki mkononi, ukitoka dukani unakuta gari liko vile vile, linang'aa. Utagundua baada ya miezi mitatu, siku ya pancha. Ndiyo maana nasema kuinama kila mwezi ni ulinzi pia, angalau unajua mali yako iliondoka lini.

Dawa yake si ngumu. Nunua cheni imara, ipitishe kwenye matundu ya ringi na kuizunguka fremu ya gari, funga kwa kufuli zito. Hakikisha cheni haigusi ekzosi, waya za umeme wala mipira ya breki. Cheni hii ina faida mbili, maana ya kiwandani ikikatika safarini, tairi litabaki limening'inia badala ya kwenda kuua mtu. Kufuli livalishe kipande cha tyubu ili maji na matope yasiingie, na tundu la ufunguo ulipe tone la oili kila mwezi. Piga chapa namba za gari kwenye ringi kwa patasi. Mwizi hapendi bidhaa iliyoandikwa jina la mtu. Ukiegesha, rudisha nyuma ya gari karibu na ukuta au mahali penye taa na watu. Wengine hufunga hata kile kitundu cha kupitishia mkono wa jeki. Ni vizuri, mradi ujue kukifungua.

Halafu kuna ufunguo wenyewe. Wapo mabosi ambao wanafunga spea kwa kufuli la maana, kisha ufunguo wanautundika chumbani Mbezi kwa sababu hawamwamini dereva. Gari liko Matwebe, ufunguo uko Mbezi, spea iko hapo hapo uvunguni inacheka. Bosi wangu, kama umemwamini mtu na gari zima, injini na giaboksi, unamnyima tairi moja? Mpe ufunguo, andikishaneni kwenye daftari, kagueni pamoja. Na wewe dereva, bosi akikupa ufunguo usimwazime mtu mkono wa jeki. Kata hela ya grisi kwenye mapato ya gari kila mwezi, ijulikane ni ya grisi, kama ile ya mafuta. Ni hela ndogo kuliko soda za siku mbili, na inaondoa ugomvi mkubwa wa nani alipe mikungu.

Na sisi abiria pia tusijifanye hatuhusiki. Unapanda pikapu unakwenda msibani kijijini, mko watu kumi na wawili nyuma, umeuliza nauli, umeuliza saa ya kuondoka. Uliza na hili: "Dereva, spea ina upepo? Na mkono wa jeki upo?" Akikasirika, jua haipo. Akiinama kuangalia, huyo ni dereva, mpe heshima yake.

Kuna wanaosema, aah, mimi naitupia tu spea nyuma kwenye bodi, yaishe. Sawa, inapatikana haraka. Lakini ukiiacha bila kuifunga, ukishika breki inakwenda mbele kama kondoo dume, na aliyeketi njiani kwake ni mguu wa mtu. Ukijaza mzigo utaipanga chini kabisa, na siku ya pancha utashusha gunia zote kuifikia. Na mwizi hapo hahitaji hata kuinama, umemfanyia hisani. Ukitaka kuiweka juu, isimamishe kwenye kishikio cha chuma nyuma ya kebini, ifungwe kwa boliti na kufuli. Fundi wa kuchomelea anaijua kazi hiyo.

Basi bwana, nisiwachoshe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi haiko mbali. Nguo chafu zipo, maji yapo, geji ya upepo utaazima kwa fundi pancha wa mtaani kwako. Majirani wakikucheka kukuona umelala chini ya gari zima lisilo na ubovu, waambie unatafuta shilingi iliyodondoka. Kimsingi hujawadanganya.

Na yule spea mwingine, wa Sinza? Nimesema nitakuwa nimesafiri. Wiki ijayo, Mungu akitujalia.